Jitu la Chuma na Mwenye Rimoti

Nilikuwa na miaka 8 nilipomwona Megazord akisimama. Ilikuwa kwa duka la muvi mtaani kwetu Kayole: shilingi 10 kuingia, benchi za mbao, televisheni moja ndogo na watoto wengi kuliko nafasi. Mashine kadhaa ziliungana zikawa mtu mmoja wa chuma, mrefu kama ghorofa. Tulipiga nduru hadi mwenye duka akatishia kuzima stima. Jioni hiyo nilimwambia mama nitakuwa injinia. Miaka 10 baadaye nilikuwa chuoni nasomea uhandisi wa mitambo. Mwaka wa 3 karo ikatushinda, nikatoka.

Kwa hivyo kwangu hili si swali la mchezo: jitu la kwenye skrini linaweza kweli kumfanya mtoto awe injinia?

Tuanze na ukoo wake. Power Rangers ilianza kuoneshwa Marekani mwaka 1993, lakini mapigano yake mengi yalitolewa kwa kipindi cha Japani cha 1992, Kyoryu Sentai Zyuranger. Wamarekani waliongeza waigizaji wao. Jitu lenyewe lilikuwa la Kijapani, na lina wazee wake. Mnamo 1972 mchoraji Go Nagai alitoa Mazinger Z, jitu ambalo kijana huingia kichwani mwake na kuliendesha kama gari. Nagai amesimulia kuwa wazo lilimjia akitazama msongamano wa magari: je, gari likiota mikono na miguu, likawapita wengine kwa juu? Ukishawahi kukwama Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, utamwelewa.

Babu wa ukoo ni Tetsujin 28-go, aliyeanza kuchorwa na Mitsuteru Yokoyama mwaka 1956. Yokoyama alizaliwa Kobe mwaka 1934, na mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliuteketeza mji huo. Katika hadithi yake, jeshi la Japani linaunda jitu la chuma kwa ajili ya vita. Vita vinaisha, jitu linabaki. Halina akili yake. Linamtii yeyote aliyeshika rimoti. Rimoti ikiwa mkononi mwa mtoto Shotaro, watu wako salama. Wahalifu wakiinyakua, jitu lile lile linageuka balaa.

Watoto waliosoma hadithi hizo wakakua, na wahandisi wengi wa roboti huko Japani wamesema wazi kwamba ndizo zilizowavuta. Lakini tazama walichounda. Mwaka 1973, timu ya Ichiro Kato katika Chuo Kikuu cha Waseda ilitoa WABOT-1, iliyotembea kwa miguu miwili, polepole sana. Mwaka 2000 Honda walitoa ASIMO: sentimita 120, kimo cha mtoto wa shule. Roboti ya utafiti HRP-2 ilibuniwa sura na Yutaka Izubuchi, aliyebuni pia mitambo mikubwa ya katuni ya Patlabor. Hata hivyo kimo chake kilikuwa sentimita 154 tu.

Jitu lenyewe lilijaribiwa Yokohama. Mwaka 2020 Gundam wa mita 18 alifunguliwa kwa umma, akainua miguu, akageuza kichwa, watu wakalia machozi. Ila nyuma yake kulikuwa na mtambo uliomshika kiunoni. Hakuwahi kutembea peke yake, na mwaka 2024 maonyesho yalifungwa.

Na siku ambayo jitu lilihitajika kweli? Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, kituo cha nyuklia cha Fukushima kiliharibika. Mionzi ilikuwa kali mno kwa binadamu. Roboti za kwanza kutumwa ndani ya majengo ya mitambo zilikuwa PackBot za Marekani, vigari vidogo vya minyororo kama ya tingatinga. Quince, ya Wajapani wenyewe, ilifuata Juni. Hakuna iliyokuwa na uso wala kifua cha chuma. Lakini mbali na ile mionzi kulikuwa na mtu ameshika rimoti, kama Shotaro.

Nilipokuwa chuo, mashine moja tu ya kukereza chuma ndiyo iliyofanya kazi, na foleni yake ilikuwa darasa zima. Nilikuwa na jitu kichwani, rimoti sikuipata. Wale wa Waseda walikuwa na vyote viwili.

Juzi mpwa wangu wa Gredi 6 alinionesha mkono wa roboti aliounda kwa boksi, vijiti na sirinji za maji. Ukibonyeza sirinji hii, ile nyingine inasukuma, mkono unainuka. Kisha akaunda mwingine, mkubwa mara mbili kila upande, kwa boksi lile lile. Ukavunjika kabla hajabonyeza.

“Anko, mbona?”

Nikachukua kalamu. Ukikuza kitu mara 2 kwa urefu, upana na unene, uzito wake unakuwa mara 8. Lakini nguvu ya mguu unaoubeba inaongezeka mara 4 tu. Ndiyo maana Gundam alishikwa kiuno. Haya niliyasoma mwaka wa 2, kabla karo haijaisha.

Akanyamaza, akaangalia boksi lake.

“Kwa hivyo natafuta kitu chepesi,” akasema, “ama miguu minene?”

Tukaanza kukata.