Chipsi Mayai: Sahani Isiyo na Mwenyewe

Waargentina wana mtu wa kumpa sifa. Revuelto gramajo, yaani viazi vyembamba vya kukaanga vilivyovurugwa na mayai na nyama ya nguruwe, husimuliwa kuwa kazi ya Kanali Artemio Gramajo, msaidizi wa Jenerali Julio Roca, walipokuwa vitani mwaka 1879. Wapo wanaobisha, wakitaja Gramajo mwingine kabisa. Angalau wana wa kugombania. Makutano ya Meru, Kenya, ukiuliza nani alitangulia kumwagia chipsi mayai, muuzaji atakuuliza tu kama unataka kachumbari. Watanzania hudai sahani ni yao, na Dar es Salaam huiita zege, mimi siwapingi.

Mpishi hajulikani, basi tukifuate kiazi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Wahispania walikifikisha Ulaya karne ya 16, na mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza wakakileta Kenya. Baridi ya Mlima Kenya ilikifaa. Leo mashamba ya Kibirichia na Timau hayako mbali na karai za Makutano.

Kinachojaa kwenye karai hizo ni kiazi aina ya Shangi, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Shangi haikungoja kibali. Wakulima waligawiana mbegu shamba kwa shamba, hata serikali ilipoiidhinisha rasmi mwaka 2015 tayari ilikuwa imetapakaa sokoni. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huiva upesi jikoni. Pia huchipua haraka ikishavunwa: raha kwa anayetaka kupanda tena, balaa kwa anayetaka kuhifadhi angoje bei ipande. Hapo dalali hupata upenyo, hata wa kudai gunia lijazwe kupita kiasi. Kanuni za serikali za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mukurino, lile gunia lililovikwa kilemba cha viazi juu, halijang'oka kirahisi.

Lakini si chipsi zote hutegemea mashamba hayo: Januari 2022 migahawa ya KFC nchini iliishiwa chipsi, kwa kuwa viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilikuwa zimechelewa. Wakenya waliwaka mitandaoni: mbona viazi vimejaa mashambani? Kampuni ilijibu kwamba wasambazaji wake lazima kwanza wapite ukaguzi wa ubora, kisha ikaahidi kutafuta viazi vya hapa nchini. Mwenye kibanda cha Makutano hukagua Shangi yake kwa macho, akiimenya.