Uratibu wa nyuzi (kompyuta)

Uratibu wa nyuzi ni mbinu za kupanga kazi za nyuzi mbalimbali za programu ya kompyuta zinazotumia rasilimali moja, kama vile kumbukumbu au faili, ili zisiharibiane kazi. Uzi ni mfululizo wa maagizo ndani ya programu. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazotekelezwa kwa wakati mmoja.

Umuhimu

Haja ya uratibu huonekana wazi katika huduma za pesa kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa mfano, tuseme mkulima wa Basotu, wilaya ya Hanang, ana salio la Sh 50,000. Mwanawe aliyeko Arusha anamtumia Sh 20,000 wakati uleule ambapo mkulima analipa Sh 30,000 dukani. Tuache makato pembeni. Uzi wa kwanza unasoma salio: 50,000. Kabla haujaandika jibu, uzi wa pili nao unasoma 50,000. Wa kwanza unaandika 70,000, kisha wa pili unaandika 20,000 juu yake. Salio sahihi ni 40,000. Fedha za mtoto zimepotea, ingawa kila uzi umehesabu sawasawa. Kosa la namna hii ni gumu kugundua, kwa sababu hutokea tu nyuzi zinapopishana kwa namna fulani.

Kufuli

Dawa ya kawaida ni kufuli. Uzi unaotaka kubadili salio hulifunga kwanza, husoma, huhesabu, huandika, kisha hulifungua, mwingine husubiri. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha suluhisho la tatizo hili. Ndiye pia aliyebuni semafori, ambayo huruhusu idadi maalumu ya nyuzi kuingia kwa pamoja.

Mkwamo

Kuhamisha fedha huhitaji makufuli mawili: la mtumaji na la mpokeaji. Baba na mtoto wakitumiana fedha kwa wakati mmoja, kila uzi unaweza kushika kufuli moja na kusubiri la pili bila mwisho. Hali hiyo ni mkwamo. Huzuiwa kwa kanuni rahisi: nyuzi zote zifunge makufuli kwa utaratibu mmoja, kwa mfano kuanzia akaunti yenye namba ndogo.

Kutumia kufuli moja kwa akaunti zote huondoa mkwamo huo, lakini wateja wote hulazimika kusubiriana.