Indonesia: Shamba la nani, mavuno ya nani?

Katika vijiji vya kisiwa cha Java, nchini Indonesia, mtu akiulizwa kama ana mali, jibu lake la kwanza huhusu jaruba la mpunga. Kisiwa hicho kina watu zaidi ya milioni 150, wengi kuliko nusu ya raia wote wa Indonesia, katika eneo lisilofika kilomita za mraba 135,000. Ardhi ya mkulima wa kawaida, basi, ni ndogo mno. Takwimu za serikali zina jina maalumu, "petani gurem", kwa mkulima anayetumia ardhi isiyofika nusu hekta. Sensa ya kilimo ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba, kwa nchi nzima, zaidi ya nusu ya kaya za wakulima wanaotumia ardhi wamo katika kundi hilo.

Hata hivyo, kujua nani anamiliki shamba hakutoshi kueleza nani anakula kutokana na shamba hilo. Kwa miaka mingi kijiji cha Java kililisha watu wengi wasio na ardhi kwa njia ya haki ndogo ndogo zilizojulikana na wote lakini hazikuandikwa popote.

Nyumba, kiunga na majaruba

Mali ya kaya ya mkulima huwa ya namna tatu. Kwanza ni nyumba. Nyumba za jadi za mbao ziliweza kufumuliwa na kusimamishwa mahali pengine, kwa hiyo mtu aliweza kumiliki nyumba pasipo kumiliki kiwanja ilipojengwa. Pili ni kiunga kinachozunguka nyumba, "pekarangan", chenye minazi, migomba, mihogo, miti ya matunda na kuku. Hicho ndicho akiba ya jikoni wakati mpunga umekwisha ghalani. Tatu ni majaruba, "sawah", yanayopata maji kwa mifereji na kuweza kutoa mavuno mawili, pengine matatu, kwa mwaka.

Kijiji chenyewe pia kina ardhi. Sehemu yake, "tanah bengkok", kwa desturi hupewa mkuu wa kijiji na wasaidizi wake walime au wakodishe badala ya mshahara, nao huirejesha wanapoondoka madarakani.

Urithi na mali ya wanandoa

Wajava walio wengi ni Waislamu, lakini katika urithi sheria ya dini na mila hukaa pamoja. Wapo wanaowagawia watoto wa kiume na wa kike sawasawa. Wengine hufuata msemo "sepikul segendongan": mwanamume hubeba kwa mzegazega mizigo miwili, mwanamke hubeba mmoja mgongoni kwa mbeleko. Mara nyingi wazazi hugawa wakiwa hai, ili ugomvi usizuke baada ya mazishi.

Mali iliyochumwa ndani ya ndoa huitwa "gono-gini", nayo ni ya mume na mke pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1974 iliikubali kanuni hiyo na kuacha kile ambacho kila mmoja alikuja nacho kibaki chake. Kwa sababu hiyo mwanamke wa kijijini anaweza kuwa na shamba kwa jina lake mwenyewe. Lakini kila mgao hupunguza vipande, na baada ya vizazi vichache mrithi hubaki na tuta moja au mawili.

Haki zisizoandikwa

Asiye na shamba la kutosha alikuwa na milango kadhaa. Aliweza kulima shamba la mwenzake na kugawana mavuno: nusu kwa nusu, mpango uitwao "maro", au theluthi moja kwa mlimaji na mbili kwa mwenye ardhi, uitwao "mertelu". Mwenye shamba aliyebanwa na shida aliweza kuliweka rehani, na mkopeshaji akalima mpaka deni lilipwe.

Mlango mpana kuliko yote ulikuwa mavuno. Wanawake waliingia shambani na kisu kidogo cha mkononi, "ani-ani", wakakata suke moja moja, na kila mmoja akaondoka na fungu la alichokivuna, "bawon". Kumzuia jirani asivune kulihesabiwa kuwa ni uchoyo. Masri Singarimbun na David Penny, waliochunguza kijiji cha Sriharjo, kusini mwa Yogyakarta, katika kitabu chao cha mwaka 1973, waliandika juu ya watu waliotafuta kiasi kiitwacho "cukupan", yaani cha kutosha, na jinsi walivyokuwa wachache waliokipata.

Sheria ya 1960 na kimya kilichofuata

Tarehe 24 Septemba 1960 Indonesia ilipitisha Sheria ya Msingi ya Ardhi, iliyokomesha sheria za ardhi za Kiholanzi na kutambua umiliki kamili kwa raia pekee. Siku hiyo huadhimishwa mpaka leo kuwa Siku ya Wakulima. Sheria nyingine za wakati huo ziliweka kikomo cha majaruba, kuanzia hekta 5 penye watu wengi sana hadi 15 penye watu wachache. Mikataba ya kugawana mavuno ilitakiwa kuandikwa, na kudumu miaka 3 au zaidi kwa majaruba. Shamba lililokaa rehani miaka 7 lilipaswa kurudishwa bila malipo.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Wakulima waliofungamana na Chama cha Kikomunisti walipoanza kutwaa mashamba wenyewe, hasa mwaka 1964, vijiji viligawanyika vibaya. Katika mauaji ya 1965 na 1966 waliuawa watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni au zaidi, wengi wao katika Java na Bali. Baada ya hapo, chini ya utawala wa Suharto uliodumu hadi 1998, kudai ardhi kuliweza kumfanya mtu aitwe mkomunisti, na wengi walinyamaza.

Mundu, mashine na mfanyabiashara

Mbegu mpya za mpunga, mbolea na mifereji iliyokarabatiwa viliongeza mavuno, na katikati ya miaka ya 1980 Indonesia ilijitosheleza kwa mchele. Lakini mlango wa mavuno ulianza kufungwa. Mpunga mfupi wa mbegu mpya ulikatwa kwa mundu, kazi iliyohitaji watu wachache. Mwenye shamba aliweza kumwuzia mfanyabiashara mpunga ukiwa bado umesimama, mtindo uitwao "tebasan", naye akaja na wavunaji wake. Mashine za kukoboa ziliwaondolea wanawake wengi kipato cha kutwanga.

Hati miliki na fedha za ugenini

Tangu mwaka 2017 serikali imeendesha mpango mkubwa wa kupima ardhi na kutoa hati. Kabla ya hapo wanakijiji wengi walishika karatasi za zamani za kodi, kama "girik", ambazo si ushahidi kamili wa umiliki. Hati mpya humlinda mwenye shamba na humwezesha kukopa. Haimtaji anayelima kwa kugawana mavuno, wala mwanamke aliyekuwa akivuna kila msimu.

Vijana wasio na tumaini la shamba huenda Jakarta, Malaysia, Hong Kong au Ghuba, ambako wanawake wengi wa Java wamefanya kazi za nyumbani kama wenzao wa Afrika Mashariki. Shamba la wazazi huweza kuwekwa rehani ili kumlipa wakala wa safari. Mambo yakienda vyema, fedha hurudi zikiwa nyumba ya matofali na labda jaruba lililokombolewa. Yakienda vibaya, familia hupoteza kijana na shamba kwa pamoja.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014 ilileta fedha za serikali kuu hadi kijijini, na tangu 2018 vijiji vimehimizwa kutumia sehemu yake kuwalipa wanakijiji maskini wanaochimba mifereji na kutengeneza barabara. Kwa asiye na shamba ujira huo ni msaada wa kweli, ila mradi ukimalizika, nao humalizika.