Darasa, Posta na Mtandao: Historia Fupi ya Masomo ya Uzamili kwa Mbali

Mjadala kuhusu kuwafundisha wanafunzi wa uzamili darasani, kwa mtandao, au kwa mseto wa njia hizo mbili huzungumzwa aghalabu kana kwamba ulizaliwa Machi 2020, vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa kwa janga la korona. Mizizi yake, hata hivyo, ni ya zamani zaidi.

Chimbuko lake ni hati ya Chuo Kikuu cha London ya mwaka 1858, iliyotenganisha kufundisha na kutahini. Tangu hapo mtahiniwa aliweza kusoma popote, mradi afaulu mitihani ya London. Makerere ilipounganishwa na chuo hicho mwaka 1949, wanafunzi walifundishwa Kampala lakini shahada zao zilitolewa London.

Hatua ya pili ilikuwa kuupeleka ufundishaji wenyewe kwa mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria huko mwaka 1989, angali kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kiliongeza redio na televisheni, lakini hakikuacha kuwakutanisha wanafunzi katika vipindi vya kiangazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kilijenga vituo mikoani. Kwa hiyo mseto si uzushi wa intaneti. Ulitangulia.

Funzo la historia hii kwa idara za lugha za Kiafrika ni hili: umbali hauna maana moja. Mwanasheria aweza kufikiwa na vitabu vyake kwa posta. Ama mwanaisimu, ushahidi wake umo vinywani mwa wasemaji. Mwalimu wa sekondari aliyeko Kwale, akichunguza toni za Kidigo, yu mbali na Nairobi lakini yu karibu na lugha. Kumlazimisha ahamie mjini kwa miaka miwili ni kumtenga na data yake, na pengine na mshahara unaomlipia karo.

Hata hivyo, sikio la kupambanua toni hunolewa kando ya mtu anayezisikia, naye mwanagenzi husahihishwa papo hapo. Sauti iliyokatwakatwa na mtandao dhaifu haitoshi kwa kazi hiyo.

Basi haifai kuichagulia shahada nzima njia moja. Usomaji wa nadharia na mijadala ya semina yaweza kupita mtandaoni. Mazoezi ya fonetiki yanadai majuma machache ya kukutana. Ukusanyaji wa data ufanyike nyanjani, msimamizi akiufuata kwa karibu. Idara itakayodai ukaazi mtupu itawapoteza walimu wa mashambani, nayo itakayotegemea mtandao pekee itawatunuku shahada watafiti wasiojua kusikiliza.