Arusha, Juni 2007: Mihadhara ya Dakika 18 na Swali la Msaada

Mkutano wa mihadhara uliofanyika Arusha kuanzia tarehe 4 hadi 7 Juni 2007 haukutoa azimio lolote wala haukuunda chombo chochote, na washiriki wake walitawanyika kama walivyokuja. Hata hivyo, unastahili nafasi katika historia ya fikra za maendeleo, kwa kuwa uliliweka hadharani, mbele ya kamera na kwa vinywa vya Waafrika wenyewe, swali ambalo kwa miongo mingi lilikuwa likijadiliwa zaidi Washington, London na Geneva: nchi maskini huinuka kwa msaada wa nje, au kwa ubunifu na biashara za watu wake?

Mwandaaji alikuwa TED, asasi ya Marekani iliyoanza mwaka 1984 huko Monterey, California, kama mkutano wa watu wa teknolojia, burudani na usanifu, na ambayo kanuni yake kuu ni kwamba msemaji hapewi zaidi ya dakika 18. Kwa miaka mingi mihadhara hiyo ilisikilizwa na waalikwa wachache waliomudu kiingilio kikubwa, hadi mwaka 2006 ilipoanza kuwekwa kwenye intaneti bila malipo, jambo lililoyageuza mazungumzo ya ukumbini kuwa aina mpya ya elimu ya umma. Mkutano wa Arusha, ulioitishwa kwa mada ya sura mpya ya Afrika, ulipangwa na Emeka Okafor, Mnigeria aliyekuwa akifuatilia kwa makini habari za mafundi na wavumbuzi wa bara hili, na nafasi 100 zilitengwa kwa Waafrika waliogharamiwa kuhudhuria.

Mahali penyewe palikuwa na uzito wake. Miaka 40 kabla ya hapo, Februari 1967, mji huohuo ulilipa jina Azimio la Arusha, waraka uliotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea ya Rais Julius Nyerere wa Tanzania, ukaonya kwamba nchi inayotegemea zawadi, mikopo na mitaji ya wageni huuhatarisha uhuru wake, na kusisitiza kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi, kwa mujibu wa Azimio, ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wasemaji wa mwaka 2007 walikuwa mbali na ujamaa, na wengi wao walilitetea soko huria kwa nguvu. Lakini wasiwasi wao kuhusu msaada ulikuwa jirani wa karibu wa wasiwasi wa Nyerere kuliko walivyoonyesha kutambua, na mwanahistoria hana budi kuliona hilo.

Hoja kali zaidi ilitolewa na Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, aliyedai kwamba serikali inayopata fedha zake kwa wafadhili huona faida kubwa zaidi katika kuzungumza na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa kuliko kuzungumza na raia na wafanyabiashara wake, kwa hiyo msaada hukata uzi wa uwajibikaji unaopaswa kumfunga mtawala na mlipakodi. Mwanamuziki Bono wa Ireland, aliyekuwa mwanaharakati maarufu wa kufutwa kwa madeni ya Afrika, alimpinga papo hapo kutoka kwenye viti vya wasikilizaji. Naye George Ayittey, mchumi wa Ghana, aliwagawa Waafrika katika makundi mawili: duma, yaani vijana wepesi wasioisubiri serikali iwatatulie matatizo yao, na viboko wazito wa mtoni, yaani watawala waliozama katika malalamiko ya kale dhidi ya ukoloni. Mfano huo ulienea haraka, ingawa ulikuwa na kasoro ya kuwasamehe vijana wote na kuwahukumu wazee wote kwa pamoja.

Aliyelirudisha shauri hilo kwenye mizani ni Ngozi Okonjo-Iweala, aliyekuwa amewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Nigeria. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba Hispania na Ireland zilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za Umoja wa Ulaya, ambazo nazo ni msaada kwa jina jingine, akasimulia jinsi alivyombeba mdogo wake mgonjwa wa malaria mwendo mrefu kwa miguu kumfikisha kwa daktari wakati wa vita vya Biafra. Kwake, mtoto aliyepona hawezi kuambiwa kwamba msaada ni upuuzi. Jambo la kuuliza ni msaada huo umetumika kujenga nini.

Ushahidi bora kabisa wa hoja hiyo ulikuwamo ukumbini, ingawa siku hiyo haukusomwa hivyo. William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka Wimbe, wilaya ya Kasungu nchini Malawi, alipandishwa jukwaani akieleza kwa Kiingereza cha kubabaika jinsi alivyotengeneza mtambo wa kufua umeme kwa upepo. Njaa iliyoikumba Malawi mwaka 2001 na 2002 ilikuwa imewafilisi wazazi wake, wakulima wa mahindi na tumbaku, naye akaacha sekondari kwa kukosa karo. Lakini aliendelea kwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini, ambako alikuta kitabu cha nishati kilichokuwa na picha ya mitambo ya upepo. Hakukimudu vizuri Kiingereza cha kitabu hicho, hivyo alifuata michoro kwanza na maneno baadaye, akaunganisha feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na mapanga aliyoyakata kwenye bomba la plastiki, akavisimamisha vyote juu ya mnara wa miti ya mikaratusi. Umeme wa kwanza uliwasha taa chumbani mwake, kisha ukatumika kuchaji simu za majirani.

Habari zake ziliandikwa na gazeti la Daily Times la Malawi mwishoni mwa mwaka 2006, zikasambazwa na wataalamu wachache wa kompyuta nchini humo, na ndivyo zilivyomfikia Okafor. Ukumbi ulimshangilia kwa kusimama. Baada ya hapo alipata wafadhili, akarudi shuleni, akaandika kitabu pamoja na Bryan Mealer mwaka 2009, na mwaka 2014 akahitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Kilichosahaulika katika shangwe hizo ni asili ya vitabu vya maktaba ile, kwani vilifika Wimbe kupitia mradi wa mafunzo ya walimu uliogharamiwa na serikali ya Marekani. Vilikuwa msaada. Hakuna afisa wa mradi aliyepanga kwamba kijana asiye na karo angevitumia kufua umeme, na pengine hilo ndilo somo kubwa kuliko yote yaliyosemwa Arusha: fedha ileile ambayo Mwenda aliiona ikipotea katika magari na semina za maofisa ilizaa matunda ilipomfikia mtu mwenye swali lake mwenyewe, bila kumwekea sharti.

Mifano ya aina hiyo haikuwa mbali. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, miezi mitatu tu kabla ya mkutano, mara nyingi hutajwa kama ushindi wa biashara pekee, lakini majaribio yake yaliwezeshwa na ruzuku ya idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, ambayo Vodafone, mbia wa Safaricom, ilitakiwa kuchangia sehemu yake. Arusha kwenyewe, kiwanda cha A to Z kilikuwa kikitengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani na kwa mkopo wa Acumen, mfuko wa Jacqueline Novogratz, ambaye katika mkutano huo alitetea mtaji wenye subira, yaani fedha inayokubali kungoja miaka mingi na faida ndogo ili biashara inayowahudumia maskini isimame. Wanunuzi wakubwa wa vyandarua hivyo walikuwa mashirika ya misaada.

Mkutano ulizaa pia mtandao wa watu. Mwanasheria wa Kenya Ory Okolloh alihutubia hapo kuhusu uanaharakati, na Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea nchini mwake, alitoa wazo la ramani ya kukusanya taarifa za wananchi zilizotumwa kwa simu. Pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, aliunda Ushahidi, programu iliyotumika baadaye Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010.

Mhadhara uliojaribiwa na uhalisia kwa ukali zaidi ulikuwa wa Eleni Gabre-Madhin, mchumi wa Ethiopia. Alieleza kwamba katika nchi yake njaa iliweza kutokea huku mikoa mingine ikiwa na ziada ya chakula, kwa sababu wakulima na wafanyabiashara hawakuwa na taarifa za bei wala njia ya kuaminiana, akapendekeza soko la bidhaa, yaani mahali ambapo mazao yaliyopimwa ubora na kuhifadhiwa huuzwa kwa mnada kwa kutumia stakabadhi ghalani. Soko hilo lilifunguliwa Addis Ababa Aprili 2008, yeye akiwa mkuu wake. Nafaka, ambazo ndizo zilizobeba hoja yake yote, hazikuja kwa wingi uliotarajiwa, kwani ziliendelea kupita mikononi mwa wachuuzi waliojuana. Ndipo serikali ilipoagiza kahawa ya kuuzwa nje ipitie sokoni humo, na kahawa pamoja na ufuta vikawa nguzo ya mapato yake. Wauzaji wa kahawa walianza kulipwa haraka na kwa uhakika, ilhali soko la mahindi na ngano, ambalo lingemfaa mlaji wakati wa njaa, lilibaki kwa sehemu kubwa nje ya mfumo huo.