Babu Alingoja Nje

Jumapili moja baba mdogo aliniambia, "Wewe mwandishi, vaa shati la maana. Tunaenda National Theatre na wazee wa magari." Wazee wa magari ni chama cha watu wasiokubali kwamba gari likizeeka linauzwa kwa kilo. Siku hiyo kulikuwa na sherehe ya michezo ya kuigiza, nao wamealikwa wayapange magari yao nje, yapambe mahali.

Tuliingia Harry Thuku Road magari kumi na moja. Mbele Morris Minor, kisha Volkswagen ya mgongo wa kobe, kisha sisi katika Peugeot 404 iliyokuwa ikikohoa tangu Jogoo Road. Vijana wakaja na kamera. Baba mdogo, bila kuulizwa, akaanza kuhubiri: 404 ilishinda Safari Rally 1963, mwaka ambao magari 84 yaliondoka yakamaliza 7. "Saba tu!" Vidole hewani.

Mimi nilikuwa nikiutazama mlango. Ukumbi huu ulifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji wa Uingereza, Ralph Richardson, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Hebu fikiria, ndugu msomaji: ndani makofi, nje msako. Safari Rally nayo ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Basi jukwaa na mashindano ni kama mtu na mdogo wake, na wote wawili walikuja kwetu kama starehe za wakubwa.

Marehemu babu alikuwa dereva wa Mzungu fulani, mwenye Morris Minor vile vile. Alimleta hapa mara nyingi. Kupita mlango, hata siku moja. Alikaa garini hadi makofi yaishe, akiitazama hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara. Karibu na hapo, tarehe 16 Machi 1922, watu waliokuja kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi. Niliwahi kumwuliza babu michezo yenyewe ilihusu nini. Akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Mimi nilisikia kicheko tu."

Uhuru ulikuja, lakini jukwaa halikubadilika upesi. Oktoba 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipoleta mchezo wao juu ya kesi ya Dedan Kimathi, ukiongozwa na Seth Adagala, walipewa siku chache, zimebanwa kati ya vichekesho vya Kizungu na dansi ya Wafaransa. Miaka 13 baada ya bendera kupanda, jamani! Hata hivyo watu walifurika, na mwisho wakaungana na waigizaji wakatoka wakiimba hadi nje, hapa hapa tulipoegesha.

Kengele ilipolia, baba mdogo akasema nitangulie, yeye atabaki na gari.

"Baba, kuna askari wa kulinda. Twende."

"Watalikwaruza."

"Likwaruzwe."

Alinitazama kama nimetukana. Kisha akafunga milango yote minne, akaijaribu mmoja mmoja, akanifuata. Tulipata viti safu ya tatu. Alikaa ukingoni, funguo mkononi. Watu walipocheka, yeye alicheka nyuma yao kidogo.