Kamera, lenzi na muziki wa uwanjani: nani alituhifadhia sherehe?

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, nizungumze juu ya jambo ambalo marafiki huniuliza kila msimu wa matamasha unapokaribia: je, kuna haja ya kubeba kamera nzuri na lenzi zake hadi kwenye tamasha la muziki la nje, au simu inatosha?

Ningeweza kujibu kwa orodha ya bei na modeli. Orodha hiyo itachakaa kabla mwaka haujaisha. Jibu la kudumu liko katika historia, na ukiifuatilia utaona kwamba kumbukumbu ya tamasha hutegemea mambo matatu: lenzi na filamu (au sensa) ziliweza nini, mlinzi wa lango aliruhusu nini, na picha zilienda wapi baada ya jukwaa kubomolewa. Hilo la tatu ndilo linalotuuma zaidi sisi wa Afrika. Twende polepole.

Hesabu ya mwanga

Kwanza hesabu kidogo, maana bila hiyo historia hii haieleweki. Mwanafunzi wa kompyuta hupenda vipeo vya 2, na upigaji picha umejengwa juu ya hivyo hivyo. Kila hatua ya mwanga ni mara 2 ya iliyotangulia. Lenzi iliyofunguka hadi f/2.8 huingiza mwanga mara 4 kuliko ile ya f/5.6. Kasi ya filamu nayo hufuata mtindo huo. Kodachrome II, filamu ya rangi iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa na kasi ya 25. Tri-X ya mweusi na mweupe, ambayo Kodak waliitoa kwa kamera za milimita 35 mwaka 1954, ilikuja kuhesabiwa kuwa 400. Gawanya: 400 kwa 25 ni 16, yaani hatua 4.

Maana yake ni nini? Mchana, rangi. Usiku, mweusi na mweupe. Ndiyo sababu picha nyingi za muziki wa miaka ya 1960 zilizopigwa jua likiwaka zina rangi tamu, na za usiku zina chembechembe kama mchanga na hazina rangi. Wapiga picha wale hawakuwa wakitafuta urembo wa kizamani, walikuwa wanatafuta mwanga tu!

Newport, 1958

Tamasha la jazi la Newport, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, lilianzishwa mwaka 1954 na George Wein. Miaka minne baadaye alifika pale kijana mmoja aitwaye Bert Stern, mpiga picha wa matangazo ya biashara, hajatimiza hata miaka 30. Akapiga filamu nzima ya rangi, Jazz on a Summer's Day. Alifanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: alitumia lenzi ndefu, akasogea karibu na uso wa mwanamuziki bila kupanda jukwaani. Halafu akaigeuza kamera kuelekea kwa watu: anayekula aiskrimu, anayesinzia, anayecheza peke yake.

Hapo kuna somo la kwanza. Lenzi ndefu si ya kuonyesha wenzako kwamba una pesa. Ni njia ya kufika mahali ambapo miguu yako haiwezi kufika bila kumkera aliyekaa mbele. Mwaka 1999 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa.

Monterey na Woodstock

Juni 1967, tamasha la Monterey, California. Jimi Hendrix anaichoma moto gitaa yake. Picha inayojulikana zaidi ya tukio lile ilipigwa na Ed Caraeff, mvulana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari mwenye kamera ya kuazima, akiwa amesimama juu ya kiti mbele kabisa ya jukwaa. Roli moja ya filamu ilikuwa na picha 36 basi. Leo mtu anapiga 36 kabla mpiga ngoma hajaketi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, picha hiyo ikiwa imepakwa rangi ilitokea kwenye jalada la jarida la Rolling Stone.

Mwingine aliyekuwa Monterey, na tena Woodstock, ni Jim Marshall. Huyu alitembea na kamera kadhaa za Leica shingoni. Wengine wangedhani ni maringo, lakini sababu ni ya kikazi: kila kamera ilikuwa na lenzi yake, kwa hiyo hakuhitaji kubadilisha lenzi katikati ya wimbo. Mwaka 2014, miaka minne baada ya kifo chake, alitunukiwa tuzo ya heshima ya Grammy, mpiga picha wa kwanza kupewa.

Woodstock yenyewe ilikuwa Agosti 1969, kwenye shamba la mfugaji Max Yasgur huko Bethel, New York. Watu zaidi ya 400,000, mvua, na matope mpaka magotini. Picha iliyobaki vichwani mwa watu wengi haina mwanamuziki hata mmoja. Ni ya vijana wawili waliojifunika blanketi alfajiri, iliyopigwa na Burk Uzzle, na ikawa jalada la santuri ya tamasha mwaka 1970. Uzzle hakuwa ametumwa na gazeti lolote. Alikuwa amekuja na familia yake, na kamera zake anazo. Msomaji, hilo likumbuke utakapokuwa unalilia pasi ya waandishi wa habari!

Harlem na Kinshasa

Sasa tufike penye uchungu. Mwaka ule ule wa 1969, katika bustani moja ya Harlem, New York, kulikuwa na mfululizo wa matamasha ya bure. Waliimba Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson, B.B. King na wengine wengi. Hal Tulchin alirekodi kwa kamera za video, mkanda baada ya mkanda, kama saa 40 hivi. Kisha akatafuta mnunuzi wa kuzionyesha, akakosa. Mikanda ikakaa chini ya nyumba yake karibu miaka 50. Ilipofika mwaka 2021 ndipo dunia ikaiona katika filamu Summer of Soul iliyoongozwa na Questlove, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2022. Woodstock ilikuwa na filamu yake sinema mwaka 1970, na Oscar pia. Msimu mmoja wa joto, jimbo moja, kamera pande zote mbili. Ya weupe ilisubiri miezi, ya weusi ikasubiri nusu karne.

Na nyumbani Afrika je? Septemba 1974, Kinshasa, usiku tatu za muziki zilizoitwa Zaire 74, zilizopangwa ziende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Uwanjani walikuwepo Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini, Miriam Makeba, James Brown, Bill Withers, Celia Cruz. Wazazi wetu waliokua na rumba ya Kongo redioni hawahitaji kuelezwa uzito wa orodha hiyo.

Kamera zilikuwepo, na wapigaji wake walikuwa mahodari. Mmoja wao, Albert Maysles, alikuwa amepiga pia Monterey. Mwanga ulikuwepo. Filamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye boksi: migogoro ya pesa na ya kisheria iliufungia mzigo wote. Filamu ya pambano, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye. Filamu ya muziki wenyewe, Soul Power, ilionyeshwa mwaka 2008. Na rekodi za wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile zilitolewa kwa albamu mwaka 2017. Miaka 43! Franco alikuwa amefariki tangu 1989, Makeba 2008, Tabu Ley 2013.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo naliona jambo hili kwa jicho la kazi yangu. Data ilikuwepo, kilichokosekana ni ruhusa ya kuisoma. Na data isiyosomeka, kwa mtumiaji, ni sawa na data iliyofutwa.

Dijitali ilibadilisha nini

Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steve Sasson, aliunda kamera ya dijitali yenye nukta 10,000 tu, iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kwa hiyo ungemaliza ubeti mzima wa wimbo ukingoja picha moja. Nikon D1 ilikuja mwaka 1999 kwa wenye magazeti na mifuko minene. Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ndiyo iliyoshuka chini ya dola 1,000 na kumfikia mtu wa kawaida. Nikon D3 ya mwaka 2007 ikafika kasi ya 6400 bila kulazimishwa. Rudi kwenye hesabu yetu: 6400 kwa 400 ni 16. Yaani pengo lile lile lililokuwa kati ya Kodachrome na Tri-X lilirukwa tena, na safari hii kwa rangi kamili usiku.

Lakini lango nalo likabadilika. Vifaa vizuri vilipofika mikononi mwa wengi, matamasha mengi yakaanza kukataza kamera ambazo lenzi yake inatoka. Mlinzi hahitaji kujua kasi wala tundu la lenzi. Anauliza swali moja: hii lenzi inatoka? Ikitoka, wewe ni mtu wa biashara, ikigoma, wewe ni mtalii. Kama kigezo cha programu, ni kibovu, maana simu ya leo inarekodi video ambayo Stern angeilipia pesa nyingi. Lakini ndicho kilichopo, kwa hiyo soma masharti ya tiketi kabla ya kufunga begi, au uwaandikie waandaaji mapema kuomba ruhusa. Na ukipewa nafasi mbele ya jukwaa, kanuni ya kawaida ni nyimbo 3 za kwanza, bila flashi.

Basi ubebe nini?

Kwa pwani yetu mfano mzuri ni Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na makao yake makuu yakiwa Ngome Kongwe. Mwezi Februari jua huzama huko kama saa moja kasorobo, na karibu na ikweta giza halibembelezi. Una takriban dakika 20 za mwanga laini, kisha ni taa za jukwaa peke yake. Kwa hiyo:

1. Lenzi moja fupi yenye tundu kubwa, kwa mfano milimita 50 ya f/1.8. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na usiku itakusaidia kuliko lenzi ndefu ya f/5.6.

2. Lenzi moja ndefu, ukiweza 70-200 ya f/2.8. Ukikosa, sogea karibu mapema kama yule kijana wa Monterey.

3. Usibadilishe lenzi penye vumbi au chumvi ya bahari. Mwenye kamera mbili amefanya kama Marshall. Mwenye moja achague lenzi kabla ya wimbo.

4. Geuka nyuma. Nusu ya historia iko kwa wanaotazama.

5. Mfuko wa plastiki. Waulize wa Woodstock.

Kazi inaanza ukirudi nyumbani

Bi Kidude aliimba kwenye jukwaa la Sauti za Busara mara nyingi. Alifariki Aprili 2013. Kila picha ya jukwaani aliyopigwa imekuwa nyaraka tangu siku ile, na haitaongezeka hata moja. Hakuna aliyebonyeza kamera akijua siku gani ni ya mwisho.

Ndiyo maana jibu langu kwa marafiki ni ndiyo, ibebe kamera nzuri, lakini kwa sharti. Usiku ule ule nakili picha mahali pawili tofauti, na nakala ya tatu ikae nje ya nyumba yako. Hifadhi faili ghafi pamoja na JPEG, kwa sababu JPEG itafunguka kwenye kompyuta yoyote hata mtengenezaji wa kamera yako akifunga duka. Andika ndani ya faili jina la msanii, bendi, mahali na tarehe. Faili yenye jina la herufi nne na tarakimu nne haitamwambia mjukuu wako chochote. Kisha wapelekee wasanii nakala, hata ndogo. Bendi nyingi za kwetu hazina hata picha moja nzuri ya miaka yao ya mwanzo.

Kinshasa walikuwa na lenzi bora za wakati wao na bado tulingoja miaka 43. Sisi hatuna kesi mahakamani wala mzigo uliofungiwa. Tuna diski zilizojaa kwenye droo, na simu zinazoibwa matatu. Hilo linatibika jioni moja, kwa waya na subira.